Fungate nje ya nchi wiki tatu zijazo, na hatujapanga kitu

Swali: "Kaka, habari za kazi. Ninaolewa wiki tatu zijazo, Jumamosi ya kwanza ya Agosti. Nguvu zote zimeishia kwenye harusi, fungate tumeikumbuka juzi tu. Tuna likizo ya siku kumi na mbili. Mimi natamani Italia, ikishindikana basi Maldivi. Mwenzangu anasema tukate tiketi ya kwenda tu mpaka Bangkok, mengine tutayajua mbele kwa mbele. Pasipoti zetu ni za zile zinazoombewa viza karibu kila mahali. Yangu inaisha baada ya miezi mitano, na nilikuwa nataka tiketi yangu niikate kwa jina la mume wangu kwa sababu siku hiyo nitakuwa nimeshaolewa. Je, tuahirishe, au bado inawezekana?"

Jibu: Inawezekana, dada, na hongera sana. Msiahirishe. Fungate ya wiki tatu za maandalizi si lazima iwe mbaya kuliko ya mwaka mzima. Nimewahi kuwakatia tiketi maharusi waliokuja ofisini na ratiba ya kila saa, wakarudi wamenuniana. Ila katika mistari michache uliyoniandikia nimeona mashimo matatu, na hakuna hata moja ambalo lingewasubiri huko mwendako. Yote yangewanasa palepale mnapoondokea, kwenye kaunta ya shirika la ndege, mabegi yakiwa bado miguuni.

Nianze na jina, maana hilo ndilo linalowaponza mabibi harusi wengi kuliko yote. Tiketi hukatwa kwa jina lililo ndani ya pasipoti utakayoishika mkononi siku ya safari, basi. Kuolewa hakubadilishi kilichoandikwa humo. Ichukue pasipoti yako sasa hivi, fungua ukurasa wa picha, tazama chini kabisa. Utaona mistari miwili ya herufi, tarakimu na vialama vya <<<, kila mstari una nafasi 44. Wa juu unaanza na herufi P, unafuata msimbo wa nchi, halafu jina la ukoo, halafu << mbili, kisha majina yako mengine. Mashine ya kaunta inasoma hapo. Jina unalolikuta pale, kwa herufi zilezile, ndilo unalomwandikia anayekukatia tiketi. Kama umezoea kuitwa kwa jina la kati au jina lako moja huandikwa kwa namna mbili, pale ndipo ubishi unapoishia.

Miaka kadhaa iliyopita nilisimama na bibi harusi mmoja mbele ya kaunta, nywele zake bado zina pini za jana. Mumewe ndiye aliyekata tiketi zote mbili mtandaoni, kwa furaha yake, akaandika jina lake la ukoo kwenye zote. Yule dada alikuwa na cheti cha ndoa ndani ya bahasha safi kabisa. Mhudumu alikipokea, akakisoma, akakigeuza nyuma, akakirudisha kwa adabu, akasema anawaamini, ila mfumo haumwoni abiria mwenye jina la kwenye pasipoti. Tiketi ile haikuwa ya aina inayorekebishwa jina, na muda ulikuwa umebaki mdogo. Walinunua nyingine kwa nauli ya siku ileile, ambayo sitaki hata kuikumbuka. Kwa hiyo safiri na jina lako la sasa kwenye kila kitu: tiketi, viza, hoteli, bima, cheti cha chanjo. Hilo jipya utalishughulikia ukirudi. Cheti cha ndoa kipige picha ukiweke kwenye simu, kinaweza kusaidia mapokezini hotelini kwenye nchi zinazouliza, lakini hakipandishi mtu ndege.

Shimo la pili ni hiyo miezi mitano. Nchi nyingi hudai pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi sita kuanzia siku ya kuingia. Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, Italia ikiwemo, hudai miezi mitatu baada ya siku unayotoka kwao, tena iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Maldivi huridhika na mwezi mmoja. Ukipiga hesabu, pasipoti yako inapita kwa baadhi na kukwama kwa wengine, na ubaya wa mambo ya kukwama ni kwamba safari ina nchi ya katikati pia, mnapobadilishia ndege. Kesho asubuhi nenda uhamiaji ukaulize kama wana huduma ya haraka. Kama ipo, omba upya kwa jina lako la sasa, na usikate tiketi wala kuomba kibali chochote mpaka namba mpya iwe mkononi. Kama haipo, usiipeleke kabisa, usije ukafika siku ya harusi pasipoti iko kwenye foleni ya ofisi. Mtachagua nchi inayoikubali hiyo uliyonayo. Halafu zihesabu na kurasa tupu. Zipo nchi zinazotaka mbili.

La tatu ni la shemeji. Ana roho ya msafiri, simlaumu, na kuna sehemu ya wazo lake nitaitetea huko mbele. Ila tiketi ya kwenda tu kwa pasipoti kama zenu ni kujitafutia maswali. Shirika la ndege likimbeba mtu ambaye nchi itamkataa, hutozwa faini na hulazimika kumrudisha. Ndiyo maana hakimu wenu wa kwanza ni yule kijana wa kaunta, kabla hata hamjamwona afisa uhamiaji wa huko. Mbele yake kuna mfumo uitwao Timatic, unaoendeshwa na IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, wenye masharti ya kuingia nchi zote. Anaandika uraia wako, unakokwenda na unakopitia, mfumo unamjibu. Ukimjibu kwamba abiria awe na tiketi ya kurudi au ya kuendelea, ataiomba, na wewe kumwambia "tutajua tukifika" ni kumpa sababu ya kumwita msimamizi wake. Kateni ya kwenda na kurudi. Uhuru anaoutaka shemeji uko katikati ya hizo tarehe mbili, na hapo hakuna wa kuwaingilia.

Na mkiwa kwenye kutafuta tiketi, kuna mtego unaowanasa hasa wanaokata kwa haraka: kuunganisha tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali kwa sababu jumla yake ni rahisi. Ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haiwajui. Kwake ninyi ni abiria ambao hawakutokea. Mabegi nayo kwa kawaida mtayachukua wenyewe katikati ya safari, maana yake mpite uhamiaji wa nchi ambayo hamkuwa na habari nayo, na huenda inadai viza. Marekani ndiyo kali kuliko zote kwa hili: anayebadilisha ndege kule hupita uhamiaji kama anayeingia, hata kama anakaa saa mbili tu, kwa hiyo bila viza au kibali chao hakuna kupita. Nunueni safari nzima ndani ya tiketi moja, hata kama nauli imezidi kidogo. Tofauti hiyo ndiyo bima yenu ya kwanza.

Sasa nchi. Italia, dada yangu, iwekee siku nyingine. Maombi ya viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Uamuzi nao una siku 15, na wanaweza kuzivuta mpaka 45. Ninyi mna siku ishirini na moja, ndani yake kuna harusi, na nafasi ya kupeleka maombi nayo huwa ina foleni yake. Hata ukiipata kwa bahati, utaishi wiki tatu hizi ukifungua barua pepe kila baada ya nusu saa. Halafu Agosti ni mwezi wa Waitalia wenyewe kwenda likizo. Karibu na tarehe 15, sikukuu yao ya Ferragosto, fukwe hujaa na maduka mengi ya mjini hushusha milango. Mkienda mwaka wa pili wa ndoa, mwezi wa tano, mtanishukuru.

Thailand haina ubaya wowote kama masharti yao yanaikubali pasipoti yenu, na hilo litazameni kwenye tovuti ya ubalozi wao, msimuulize rafiki aliyekwenda mwaka juzi, kwa sababu hubadilika. Kuna kadi ya kuingia ya mtandaoni, hujazwa ndani ya siku tatu kabla ya kufika, tangu Mei 2025. Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba nchi ile ina pwani mbili zisizonyeshewa pamoja. Upande wa Phuket na Krabi mvua zake ni Mei mpaka Oktoba. Koh Samui, ulio upande wa ghuba, hulowa zaidi kuanzia Oktoba mpaka Desemba. Mtu anayekata tiketi ya Agosti kwa kutazama picha tu, ana uwezekano mkubwa wa kwenda Phuket kuangalia bahari ya rangi ya chai. Kwa Agosti, ningewapeleka Samui.

Lakini kwa hali yenu, pasipoti inayokaribia kuisha, wiki tatu, na ninyi wawili mmechoka, mimi ningechagua Maldivi. Viza ya siku 30 hutolewa bure uwanjani kwa raia wa karibu nchi zote. Wanachotaka kuona ni tiketi ya kurudi, mahali pa kulala palipothibitishwa au pesa ya kutosha, na tamko la msafiri linalojazwa mtandaoni ndani ya saa 96 kabla ya safari. Agosti kwao ni majira ya mvua, sitawadanganya; huja kwa vishindo, ikanyesha, ikaachia jua. Vyumba huwa na bei afadhali kuliko Januari. Na ndio msimu wa samaki wakubwa aina ya taa kwenye atoli ya Baa (atoli ni kundi la visiwa), ghuba ya Hanifaru, wanakuja kula wakizunguka kwa makumi. Pale huruhusiwi kuzama na mtungi, unaelea juu na barakoa na kibomba cha kupumulia, kwa hiyo hata asiye mzamiaji anaona yote.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu Maldivi ina kosa lake moja ambalo nimeliona likirudiwa mpaka nimechoka. Nchi ni visiwa, na hoteli nyingi za mbali mnafikishwa kwa ndege ndogo inayotua majini. Ndege hizo haziruki usiku. Rubani anahitaji kuyaona maji. Sasa wewe umekata tiketi inayotua Malé, mji mkuu, saa mbili usiku, umelipia chumba cha kisiwani kuanzia usiku huohuo, ukifika unaambiwa ndege ya kisiwani ni kesho asubuhi. Usiku wa kwanza wa chumba mlicholipia kimekaa kitupu, ninyi mnatafuta hoteli Hulhumalé, kisiwa cha karibu na uwanja, mkiwa na mabegi na hasira. Kwa hiyo kabla ya kulipa chochote, muulizeni mwenye hoteli mambo mawili: mnafikishwaje, na mwisho wa kufikishwa ni saa ngapi. Kwa kawaida ndege yenu ikitua baada ya kama saa tisa na nusu alasiri, ndege ya majini ni ya kubahatisha. Chagueni tiketi inayotua asubuhi, au hoteli ya atoli iliyo karibu na uwanja, ambako mnafikishwa kwa boti ya kasi hata usiku. Na begi: ndege ndogo hizo hupima, kwa kawaida kilo 20 za begi na kilo 5 za mkononi kwa kila mtu, hata kama ndege kubwa iliwaruhusu 30. Gauni la pili la jioni libaki nyumbani.

Chupa mtakayopewa zawadi siku ya harusi nayo ibaki. Pombe hairuhusiwi kuingizwa nchini humo; forodha huishikilia mpaka mnapotoka. Kwenye visiwa vya hoteli mtaikuta inauzwa, kwenye visiwa wanakoishi wenyeji haipo, na huko hata nguo ya kuogelea ina ufukwe wake maalumu. Nalisema hili kwa sababu nyumba za wageni kwenye visiwa vya wenyeji ni nafuu mno na zinavutia kwenye picha. Ni chaguo zuri kabisa kwa anayejua anachokichagua.

Kuhusu siku ya kuondoka, nisikilize kama mtu aliyekosea. Msisafiri usiku wa harusi. Ninyi mnadhani mtakuwa na furaha tele. Mtakuwa na miguu iliyovimba na mtu mmoja atakuwa hajala tangu asubuhi. Pumzikeni Jumapili, ondokeni Jumatatu. Na tiketi ikishakatwa, isomeni saa zake pamoja, kwa sauti, kwa Kiswahili. Tiketi huandika saa kwa mtindo wa 24. 06:00 ni saa kumi na mbili asubuhi, wala si saa sita. Hilo mnalijua, lakini usingizini na haraka mtu hulisahau. Kibaya zaidi ni ile 00:30. Niliwahi kuwaambia wateja wangu, kwa mdomo wangu huu, kwamba ndege yao ni "Jumapili saa sita na nusu usiku". Wakaja Jumapili usiku, wamependeza, wamesindikizwa na gari mbili. Ndege ilikuwa imeondoka usiku uliopita. Nilichopaswa kusema ni "usiku wa kuamkia Jumapili", na tangu siku ile siandiki tiketi ya usiku bila maneno hayo kuwa pembeni. Tazameni pia kama kuna alama ya +1 karibu na saa ya kutua. Maana yake mnafika kesho yake, na hoteli iwekeni kuanzia hiyo kesho.

Afya haina njia ya mkato. Maldivi na Thailand zote mbili hudai cheti cha homa ya manjano kwa anayetoka au anayepitia nchi zenye ugonjwa huo. Cheti huanza kuhesabika siku ya 10 baada ya chanjo, kwa hiyo hii nayo ni ya wiki hii, msiiache mpaka wiki ya harusi. Aliyechanjwa zamani asihangaike: tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hata kama kimeandikwa miaka kumi. Malaria Maldivi haina, WHO iliitangaza hivyo mwaka 2015. Ila homa ya dengi ipo huko na Thailand pia, na mbu wake huuma mchana, kwa hiyo dawa ya kujipaka ni ya mchana kutwa, msiisubirishe jioni.

Na hili lingine wengi huona haya kuliuliza, nami nakuambia bila kuulizwa. Nchi za joto nyingi, hizi mbili zikiwemo, zimewahi kuwa na virusi vya Zika, vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni na vinavyoambukizwa pia kwa kujamiiana. Ushauri wa kitabibu kwa wanaotoka maeneo yenye Zika ni mwanamke asubiri miezi miwili na mwanamume mitatu kabla ya kutafuta ujauzito. Kama mmepanga mtoto aje haraka, au kama kuna uwezekano tayari umebeba, muone daktari kabla ya kulipa nauli. Hilo linaweza kuwabadilishia nchi, na ni heri libadilishe sasa.

Kama kuna anayetumia dawa za kila siku, zikae kwenye pakiti zake na karatasi ya daktari, kwenye mkoba wa mkononi. Baadhi ya dawa za kawaida za kikohozi na maumivu, zile zenye kodeini kwa mfano, huhitaji kibali kwenye nchi kama Falme za Kiarabu, na watu wengi hubadilishia ndege huko. Na mkiamua kuzama na mtungi, mzamo wa mwisho uwe umepita saa 18 kabla ya kupanda ndege, kwa waliozama zaidi ya mara moja. Yaani siku ya mwisho ni ya kulala ufukweni. Hata ile ndege ndogo ya majini ni ndege, iulizieni.

Bima nitaipitia upesi. Inunueni siku mnayolipa tiketi, kwa sababu sehemu inayorudisha pesa safari ikivunjika huanza kufanya kazi siku ya kununua. Ukiinunua siku ya kuondoka umeshaipoteza. Iwe na matibabu na kusafirishwa mgonjwa. Mkiikodi pikipiki mahali popote, jueni kwamba bima nyingi hazilipi ajali ya mtu asiye na leseni ya pikipiki, hata kama aliyewakodisha hakuiuliza. Begi likikosekana, msitoke uwanjani bila kuandikiwa ripoti na namba yake. Kwa Mkataba wa Montreal, ule wa kimataifa kuhusu safari za ndege, malalamiko ya maandishi ya begi lililoharibika yana siku 7, na ya lililochelewa siku 21 tangu mlipolipata. Dawa yangu kwa maharusi ni rahisi zaidi: changanyeni nguo, nusu ya zako kwenye begi lake, nusu ya zake kwenye lako. Moja likipotea hakuna atakayeshinda siku nne na suruali ya harusini.

Pesa: kadi mbili za benki, ziwe za mitandao tofauti, kila moja kwa mtu wake, na benki iarifiwe. Mashine ikikuuliza ulipe kwa sarafu ya kwenu au ya pale, chagua ya pale. Ya kwenu inaonekana ya kirafiki, ila kiwango chake cha kubadilisha huwa kibaya. Hoteli pia huweza kuzuia kiasi fulani kwenye kadi mnapoingia, kama dhamana. Hakijakatwa, ila hamtaweza kukitumia mpaka wakiachie. Kwa hiyo kadi isiwe imebaki na kiasi kilekile cha kununulia chakula.

Kulala ndiko ninakomwachia shemeji ushindi wake. Lipieni usiku wa kwanza miwili au mitatu, na usiku wa mwisho, ule wa karibu na uwanja. Hiyo miwili mitatu chagueni kwa makini, kwa sababu mtafika mmechoka na kila kitu kibaya kitaonekana kibaya mara mbili. Kwa Thailand, siku za katikati mnaweza kuziacha wazi kabisa. Agosti si msimu wa juu upande wa Phuket, vyumba vipo, na Samui mnaweza kuweka chumba kinachofutika bila gharama. Kwa Maldivi uhuru huo hauko hivyo, kila kuhama kunadai boti au ndege na siku nusu inakwenda. Huko kaeni sehemu moja, mbili zikizidi sana. Neno fungate lenyewe lina siku saba ndani yake. Ukiondoa siku za njiani na ile Jumapili ya kulala, saba ndizo mtakazobaki nazo, nane labda. Si za kuzunguka visiwa vinne.

Matembezi, chakula cha jioni cha mishumaa, boti ya machweo, yote hayo msiyalipie kutokea nyumbani. Hamjui siku ya tatu mtakuwa watu wa namna gani. Wapo wanaofika wakalala siku mbili mfululizo, na hakuna kosa hapo. Kitu pekee ningewaomba mkubaliane kabla ni nani anashika nini: mmoja pasipoti na tiketi, mwingine pesa na hoteli, na asiyehusika asimsahihishe mwenzake mbele ya kaunta. Ugomvi wa fungate ninaosimuliwa hausababishwi na mambo makubwa. Husababishwa na "si nilikuambia".

Na hoteli iandikieni barua pepe fupi, siku mnayoweka chumba: kwamba ni fungate, mnafika saa ngapi na kwa ndege ipi, na mnataka kitanda kimoja kikubwa. Msiione hii ya mwisho kuwa ya kuchekesha. Anayeweka chumba kwa haraka hubonyeza "watu wazima wawili" na kuendelea, na mfumo huwapa chumba chochote cha watu wawili. Nimepigiwa simu na bwana harusi saa saba usiku, akiwa nchi nyingine, hoteli imejaa, akiniuliza kwa sauti ya chini nifanye nini, kaka, vitanda ni viwili, tena vimefungwa ukutani.

Kwa hiyo usiku wa leo ni pasipoti mezani na ile mistari miwili ya chini. Kesho uhamiaji, ukitoka huko kituo cha chanjo. Jibu la uhamiaji likipatikana ndipo tiketi na bima, siku moja. Niandikie jibu hilo nikuambie njia ipi inafaa kwa pasipoti utakayokuwa nayo, na mkifika, msalimie shemeji, uniambie kitanda kilikuwa kimoja au viwili.